Fireproof: busu lenyewe ni kivuli, lakini watoto wadogo walale kwanza

Kwa wale wanaotafuta muvi ya mapenzi ya kuweka sebuleni bila kukaa na rimoti mkononi, hii ya 2008 ndio inatajwa sana na walokole. Mimi nimeiangalia na watu wa nyumbani hapa Bombo, na kwetu ni mchanganyiko, shangazi mlokole, mama mkubwa hajati, vijana wa sekondari, basi nasema kwa pande zote.

Usafi hauna maneno. Hakuna kitanda, hakuna matusi, nguo za heshima. Hata lile busu moja wamelipiga kwa kivuli, maana mwigizaji mkuu Kirk Cameron alikataa kumbusu mwanamke asiye mkewe, ikabidi waite mkewe wa ukweli, Chelsea Noble, asimame pale badala ya mwigizaji wa kike. Shangazi aliposikia hiyo akasema huyo sasa ni mwanaume.

Imetengenezwa na kanisa la Sherwood Baptist la Albany kule Georgia, Marekani, kwa dola 500,000 tu, na waigizaji wengi ni watu wa kujitolea. Inaonekana jamani. Kuna wengine wanaongea kama wanasoma tangazo la msiba redioni. Lakini pale gari limekwama relini na treni inakuja, wote tulinyamaza.

Hadithi yenyewe: Caleb ni kapteni wa zimamoto, huko kazini shujaa, nyumbani balaa tupu. Ameweka dola 24,000 za kununua boti na huku mama mkwe amepooza anahitaji kitanda na kiti cha magurudumu. Mke anataka talaka, baba yake Caleb anampa kijitabu cha siku 40, kila siku afanye kitu kimoja kwa mkewe. Siku ya maua anapiga simu dukani anachagua ya bei ya chini kabisa, wanawake wote sebuleni wakaguna mmmh.

Sasa shida iko hapa. Caleb ana ugonjwa wa picha chafu za intaneti. Huonyeshwi hata moja, ila mke anamtupia maneno, na baadaye jamaa anabeba kompyuta nje anaipasua na rungu la besiboli huku mzee jirani anamshangaa. Mtoto wa miaka minane atakuuliza hiyo kompyuta imekosa nini, na wewe utajibu nini mbele ya wakwe? Tena mwanzoni Caleb anamfokea mkewe usoni mpaka dada wa watu analia, na kwa mtoto ambaye amezoea kelele za hivyo kwao hiyo si burudani. Wa sekondari sawa, tena wakae na mzazi, maana simu wanazo na hayo mambo wanayajua kuliko sisi.

Kwa nyumba ya waislamu jua mapema kwamba katikati kuna mahubiri kamili, baba na mwana porini mbele ya msalaba, na huwezi kuruka maana kubadilika kwa Caleb kote kunatoka pale. Mama mkubwa aliondoka kimya akaenda kuswali isha, aliporudi swali lake lilikuwa kama wamesharudiana.

Mimi kilichoniudhi ni upande wa mke. Amevumilia miaka, halafu muvi inamkazania zaidi yule daktari anayemchekea kazini kuliko maumivu yake. Hapo mashemeji walibishana mpaka chai ikapoa, na kwangu huo ubishi ulikuwa mtamu kuliko muvi.

Mkienda laibrari ya muvi kuwekewa kwa flashi chukueni ile ya Kiingereza yenye maandishi chini. Wakikupa iliyotafsiriwa na VJ, yule anayeisimulia muvi kwa sauti yake juu ya waigizaji, isikilize kwanza peke yako, maana VJ akinogewa anachomeka utani wake wa baa, na hapo kivuli cha busu hakitakusaidia kitu.