Simu ya kukunja: bei ya dukani ni mwanzo tu

Haya watu wangu, mko salama? Hii hapa mkononi ni Galaxy Z Fold6 ya Samsung. Mwenyewe kaniazima kwa masharti makali, kwa hiyo mkiona naishika kwa mikono miwili, mnielewe.

Kwanza tuipe haki yake. Ikifungwa ni simu ya upana mdogo, ila nene kidogo. Ukiifungua unapata kioo cha inchi 7.6. Nyie mnaotoa mizigo mpakani Busia na Malaba mtaona raha yake mapema: fomu ya PDF unaisoma ukurasa mzima bila kuvutavuta kwa vidole, na kando yake WhatsApp ya mteja iko wazi. Ukiikunja nusu inasimama yenyewe mezani, unajirekodi bila stendi. Gramu 239, mfukoni unaisikia.

Mkunjo je? Nikiielekeza dirishani hivi, ule mstari mnauona. Kidole kinaugusa kabisa. Kioo kikiwaka mbele yako unausahau. Mimi umenikera kwenye kurasa nyeupe tu.

Sasa pesa. Ilipotoka Julai 2024, Marekani ilianzia dola 1,899. Kwa shilingi zetu za Uganda ni karibu milioni 7, na hapo hatujagusa VAT ya asilimia 18 wala faida ya mwenye duka. Hiyo ni bodaboda mpya jamani, na bodaboda ikilala imeleta hesabu.

Lakini kinachonitisha zaidi ni kioo cha ndani. Chenyewe ni chembamba mno, juu yake kuna utando wa plastiki, na ukucha ukikandamiza unaacha alama. Utando huo msiubandue! Mwaka 2019 Fold ya kwanza iliahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba, sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya waliopewa kuijaribu waliubandua wakidhani ni ile nailoni ya kiwandani, vioo vikafa. Kikifa, fundi hana cha kubandika juu. Kinatolewa chote, na ndicho kipuri ghali kuliko vyote humo ndani.

Halafu vumbi, na hapa wauzaji wanapita haraka. Simu hii ina kiwango cha IP48, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Ile 8 ni ya maji: mita 1.5, nusu saa. Ile 4 inazuia vitu vya kuanzia milimita 1. Sasa niambieni, vumbi la murram la huko kwenu lina milimita ngapi? Linaingia, linajikalia kwenye bawaba. Pixel 10 Pro Fold ya Google, ya 2025, imefika IP68, vumbi halipiti. Angalau wameanza kutusikia.

Kwa hiyo wewe unayeshinda ofisini Kampala na makaratasi, kama pesa ipo, chukua. Ila kabla ya kulipa uliza kioo cha ndani kinabadilishwa kwa shilingi ngapi, na kama warantii yake inakubalika hapa Uganda. Wewe wa boda, wa shamba, wa mjengo, hapana, hii itakuliza.

Na zile zilizotumika pale mjini? Ifungue na kuifunga mara kadhaa mbele ya muuzaji. Washa ukurasa mweupe, pitisha jicho polepole kwenye mkunjo. Ukiona doti nyeusi, utando ulioinuka, au haifunguki ikalala bapa, mrudishie simu yake hata kama anakupunguzia bei.