Scarborough mwezi wa Septemba, na mume asiyeona bahari kuwa likizo

Mume wangu ni mtu wa Lamu. Ukimwambia twende tukapumzike baharini atakuuliza tunapumzika na nini, maana kwao bahari ni kazi. Babu yake alikuwa mvuvi, baba yake alibeba boriti kwa jahazi, na yeye mwenyewe alianza kuvuta nyavu kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo miaka yote tuliyokaa Leeds, Uingereza, pwani ya huku tumeiona kwa safari za siku moja tu, za kukimbizana na watoto, ndoo na mvua. Mwaka huu watoto wametoka nyumbani. Nikakata tiketi za treni za kwenda Scarborough, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, nikalipia chumba usiku tatu, ndipo nikamwambia. Akasema, "Mama watoto, umelipa pesa kwenda kutazama maji?" Nikamwambia ndiyo, na koti lako nimeshalipakia.

Niseme kwanza kuhusu wakati, maana ndio uliotufaa kuliko kitu kingine chochote. Shule za Uingereza hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Sisi tulikwenda wiki ya pili, mji umetulia, jua bado lipo. Chumba cha watu wawili pamoja na kifungua kinywa tulilipa pauni 80 kwa usiku. Bibi mwenye nyumba alitwambia Agosti hicho hicho kingekuwa 120, na pengine tusingekipata. Wageni wenzetu walikuwa watu wa rika letu na kupanda juu, wengi wana vijibwa vilivyovaa vizuri kuniliko. Kutoka Leeds treni haikuchukua hata saa moja na nusu.

Nyumba ya wageni sitaitaja jina kwa sababu nina malalamiko. Tangazo lilisema chumba kina mandhari ya bahari. Kweli kinayo, ila uegemee kizingiti cha dirisha, utoe shingo, utazame kushoto katikati ya mabomba ya moshi ya jirani, na hapo utaona kipande cha bahari ukubwa wa kitambaa cha mkono. Chumba kipo ghorofa ya nne, lifti hakuna, na ngazi ya mwisho ni nyembamba hata sanduku ilibidi lipande kiubavu. Maji ya bafuni yalikuwa ya moto lakini yanatoka kama machozi. Mwenye magoti mabovu aulize ghorofa kabla hajalipa.

Lakini kwenye meza ya asubuhi yule bibi alitushinda kwa wema. Nilikuwa nimemwandikia mapema kwamba hatuli nguruwe. Nilitegemea atuletee mayai na mkate, basi. Akatuletea mayai, maharage, uyoga, na kikaango chetu alikitenga mbali na cha wengine, alisema hivyo mwenyewe bila kuulizwa. Asubuhi ya pili akatuwekea kipper. Ni samaki aitwaye herring, hupasuliwa mgongoni, akafunuliwa, akakaushwa kwa moshi. Mume wangu alimtazama, akamnusa, akacheka peke yake. "Huyu ni ng'onda," akasema. "Ng'onda aliyesafiri." Akala wawili, na siku iliyofuata akashuka mezani kabla yangu.

Chakula cha nje nacho kina somo lake kwa Waislamu wenzangu. Usidhani samaki na chipsi ni salama kwa kuwa ni samaki. Huku Yorkshire, jimbo letu, desturi ni kukaangia kwenye shahamu ya ng'ombe, ndiyo inayowapa wenyewe ile ladha wanayojivunia, na ng'ombe huyo si wa halali. Tuliuliza duka la kwanza, wakasema shahamu. La pili, shahamu. La tatu, msichana akatutazama kwa huruma akatuelekeza kwa wenzao wanaokaangia mafuta ya mimea, mwendo wa dakika kumi. Tukanunua haddock, ndiye wanayempenda watu wa hapa, chipsi nene za kumwagia siki, na kikombe cha njegere zilizopondwa ambazo sitazila tena. Tulikaa ukutani kula. Shakwe mmoja alisimama mita mbili kutoka kwetu akijifanya anatazama meli. Mume wangu alipogeuza uso kuniambia kitu, nusu ya samaki ikapaa. Ndege wa kwao hawana adabu hiyo, alisema, na alikuwa amekasirika kwelikweli.

Ufuo wa South Bay ni mchanga, si kokoto kama fukwe nyingi za kusini mwa Uingereza, na maji yakipwa unapata uwanja mpana wa kutembea. Yakijaa, hasa siku za bamvua, uwanja karibu wote unamezwa, watu wanakunja viti vyao na kurudi nyuma hatua kwa hatua wakibishana na mawimbi. Kuogelea? Bahari ya Kaskazini wakati huo ina nyuzi 14 hivi. Niliingiza miguu mpaka kwenye vifundo, nikahesabu hadi kumi, nikatoka na miguu ambayo si yangu. Wapo wazee wa Kiingereza waliozama mpaka shingoni huku wakizungumza habari za bustani zao. Watu wengine wote wanakaa. Hilo ndilo lililomshangaza mume wangu: watu wazima mamia, wamevaa majaketi, wamejifunika shali, chupa za chai kando, wanatazama bahari wasiyoingia wala kuivua. Upande wa North Bay wana hata vibanda vya mbao vya rangi vya kukodi, ukae mlangoni uchemshe chai. Siku ya kwanza alitembeatembea kama mtu anayetafuta mkubwa wa kazi. Siku ya pili alikaa nusu saa. Siku ya tatu mimi ndiye niliyemwambia tuondoke, baridi imeingia.

Punda nao walimsaidia. Pale ufukweni wapo punda wa kupandwa na watoto kwa malipo, wamepangwa mstari, kila mmoja jina lake limeandikwa kwenye hatamu. Mtu wa Lamu akiona punda wanalipiwa ni lazima asimame. Kwao punda hubeba matumbawe, mchanga, saruji, maji na bwana harusi, na hakuna anayemwita kivutio. Alizungumza na mwenye punda muda mrefu kuliko alivyozungumza na mimi siku nzima: wanakula nini, kwato hupunguzwa na nani, hulala wapi. Akamweleza kuhusu zahanati ya punda iliyoko Lamu, iliyofunguliwa 1987 na shirika la Kiingereza lenye makao Devon. Yule bwana alilijua shirika, ila Lamu hakuijua. Watu wazima hawaruhusiwi kupanda. Mume wangu alinihakikishia kwamba hakuwa anataka.

Mji wenyewe umejaa vilima, na hili msilipuuze. Ufuo uko chini, mji uko juu ya genge. Katikati kuna Central Tramway, vibehewa viwili vinavyovutana kwa kamba ya chuma, kimoja kikipanda kingine kinashuka, tangu 1881. Nauli yake ni ndogo ukiilinganisha na magoti. Pembeni yake limesimama jengo la Grand Hotel la 1867, la matofali ya manjano, kazi ya Cuthbert Brodrick, yule yule aliyejenga ukumbi wa mji wa kwetu Leeds. Wanasema lilipangwa kama kalenda: minara 4 kwa majira ya mwaka, ghorofa 12 kwa miezi, mabomba ya moshi 52 kwa wiki, vyumba 365 kwa siku. Nilijaribu kuhesabu mabomba nikaishia katikati.

Haya yote yalianza na maji ya kunywa. Miaka ya 1620 mwanamke mmoja wa hapa, Elizabeth Farrow, aliona maji yanayotoka chini ya genge yameacha rangi kwenye mawe, akayaonja, yakawa dawa. Wakubwa wakaja kunywa, halafu madaktari wakawaambia waoge na bahari pia. Reli ilipofika 1845 wakaja na wafanyakazi wa viwandani. Basi kale kamchezo ka Waingereza ka kukaa na kutazama maji kana asili ya hospitali. Mwandishi Anne Brontë aliletwa hapa 1849 akiugua kifua kikuu, kwa matumaini ya hewa ya bahari, akafa siku chache tu baada ya kufika. Kaburi lake lipo uwanja wa kanisa la St Mary, chini ya ngome. Jiwe linasema alikuwa na miaka 28. Alikuwa na 29. Tulisimama pale kidogo. Upepo ulikuwa mkali.

Ngome tuliizunguka haraka. Ni magofu yenye kiingilio, na manowari za Ujerumani ziliipiga mizinga pamoja na mji tarehe 16 Desemba 1914. Mume wangu alisema ya Lamu angalau ina paa. Kilichonisikitisha ni Peasholm Park, ambako tangu 1927 huonyeshwa vita vya meli ndogo ziwani, na watu wamejificha ndani ya meli wakiziendesha. Msimu wake ulikuwa umekwisha. Ukitaka kuviona nenda Agosti, ulipe bei ya Agosti.

Mabanda ya mashine za sarafu kando ya barabara ya chini yana kelele na ni kamari, tulipita.

Sasa lile ambalo sikulipangia. Scarborough inatazama mashariki, kama pwani yetu. Asubuhi ya tatu niliamka nikakuta kitanda upande wake kimepoa. Alikuwa ameswali Alfajiri, hakurudi kulala. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikashuka zile ngazi zote, nikamkuta amekaa kwenye ukuta wa bandari, mikono mfukoni. Jua lilikuwa linachomoza kutoka majini kama saa kumi na mbili na nusu. Madau ya kuvulia kaa na kamba yalikuwa yanatoka. Nikakaa karibu naye. Hatukusema kitu. Baadaye akaonyesha dau moja kwa kidevu, akasema yule anapindisha sana, mkondo utamtoa. Nikamwuliza kama anataka kuwa yule. Akasema, "La. Leo nakaa."

Nyumba ya wageni ninaipa nyota tatu, na yote tatu ni ya yule bibi na ng'onda wake. Mji ninaupa nne na nusu. Nusu iliyobaki anayo yule shakwe.

Siku ya kurudi tulifika kituoni mapema. Kuna benchi la mbao pale lenye urefu wa mita 139, wanasema hakuna refu zaidi katika kituo chochote cha reli duniani. Lilikuwa karibu tupu. Mume wangu aliliangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, akachagua mahali pa kukaa kana kwamba analipia, akanyoosha miguu. Niliuliza treni ni ya saa ngapi. Akasema bado, akafumba macho.