Matembezi ya historia hapa tao: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Kwanza bei. Ni 1,500 kwa kichwa, unatuma M-Pesa siku moja kabla, halafu mnakutana Jumamosi saa mbili asubuhi pale Nairobi Gallery, ile nyumba ya 1913 iliyokuwa ofisi ya PC, mkuu wa mkoa. Tulianza saa tatu kasorobo juu tulikuwa tunangoja watu wa Rongai, na watu wa Rongai mnajijua.

Kijana anayewatembeza anaijua kazi yake, hapo sibishani na mtu. Mimi nimezaliwa hii Nairobi na nimepita Kipande House mara elfu nikikimbilia matatu, sijawahi hata siku moja kujiuliza hilo jina limetoka wapi, kumbe ndio hapo wanaume Waafrika walikuwa wanapewa kile kipande, kitambulisho cha kuvaa shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kama mbuzi na kengele yake. Maktaba ya McMillan ni wale simba wa mlangoni na picha, basi, ingawa kujua ilifunguliwa 1931 na babu zetu hawaruhusiwi kuingia iliniuma kidogo.

Penye nilishikwa ni zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue. Miaka yote nilidhani wote ni wanajeshi. Kumbe mmoja ni mpagazi, wale wa Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye vita vya kwanza mpaka huko kwa Mjerumani Tanganyika, na magonjwa yakawamaliza kuliko risasi. Hiyo Carrier Corps watu wakaitamka vile midomo yao iliweza, ikawa Kariokor. Kariokor! Yaani mahali mimi huenda kununua akala na nyama choma. Nilibaki nimesimama hapo wenzangu wakivuka barabara.

Sasa lawama yangu. Mnaishia Moi Avenue, mahali waziri Tom Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, saa tano na nusu mnaambiwa asanteni, kwaherini. Na Eastlands, mitaa ya mashariki, je? Nyanya yangu, Mungu amrehemu, aliishi Shauri Moyo na bado alikuwa anasema "sisi watu wa Pangani", na mimi nikiwa mtoto nilidhani anasema hii Pangani ya Thika Road. Hapana, ni kijiji kile cha zamani, cha nyumba za udongo, wenye nyumba wengi wakiwa wanawake waliojenga kwa pesa zao, serikali ikakibomoa 1939 na wenyeji wakapelekwa Shauri Moyo. Hakuna jengo la mawe la kupiga picha hapo, ndio maana hakuna mtu anapeleka wageni.

Nilimwambia hivyo yule kijana mbele ya watu, nikijua atakasirika. Hakukasirika, alitoa daftari akaandika, akaniuliza nani amebaki wa kusimulia. Nikasema shangazi. Jumanne akapiga simu kweli, anataka kwenda kumsikiliza kabla aongeze Pumwani na Shauri Moyo kwa ratiba.

Mnaoenda vaeni viatu vya kutembea na mbebe maji, hawapeani. Shangazi amekubali, ila ameuliza kama watakuja na sukari ama watakuja na mikono mitupu.