Davis yenye dhamana au UCLA ya kubahatisha?

Uko chuo cha jamii (cha miaka miwili) California na unataka kuhamia chuo kikuu. GPA yako, yaani wastani wa alama, ni 3.3, na kuna muhula mmoja uliokuharibikia: ulikuwa ukifanya kazi usiku, ukafeli somo kwa F. Davis ni kati ya kampasi sita za Chuo Kikuu cha California zenye TAG, dhamana ya kuhamia: ukitimiza masharti, nafasi ni yako. Maombi ni Septemba, kwa kampasi moja tu, na si kila fani imo. Hapo ile F haina maelezo marefu. Kinachotazamwa ni hesabu.

UCLA, kampasi ya Los Angeles, haitoi dhamana. Husoma kila kitu: masomo ya msingi ya fani yako, kama alama zinapanda au zinashuka, na majibu manne yasiyozidi maneno 350 kila moja. Humo ndimo utasema ulikuwa ukifanya kazi usiku. Sema kwa sentensi mbili, usilalame. Na kama bado una muda, rudia somo la D au F, maana alama mpya ndiyo itakayohesabiwa. C usiiguse, kuirudia hakukuongezei kitu.

Mimi ningeomba TAG ya Davis Septemba, kisha nitie alama Davis na UCLA pamoja kwenye fomu moja ya maombi ya Novemba. Inaruhusiwa, ila kila kampasi ina ada yake.