Kitenge, mbeleko ya pete au beibi keria? Nimembebea mwanangu zote

Beibi keria ya kwanza niliyomnunulia mwanangu, kile kibebeo cha mikanda ya mabegani, nilimbebea mara nne tu. Mara ya tano niliiweka mezani nikaifumua. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kimara, Dar es Salaam, na nilitaka nione kwa macho yangu kwa nini mtoto alikuwa akilia kila nikimtia humo. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, mpya, ndani ya boksi lake, na muuzaji akaniambia, "Dada, hii ndiyo wanayochukua wote siku hizi."

Kipande kinachopita katikati ya miguu ya mtoto nilikipima kwa tepu: sentimita 11. Mtoto wa miezi mitatu akikalishwa hapo, uzito wake wote unaangukia kinenani, na mapaja yananing'inia wima hayana kinachoyashika. Mkanda wa bega nao ulikuwa umeingizwa ndani ya mshono sentimita moja, ukapitishwa mstari mmoja wa uzi, basi. Mkanda wa begi la shule mimi naushona mraba, katikati natia msalaba, kisha narudia juu yake. Na begi la shule linabeba madaftari.

Kwa hiyo kabla sijasema kipi kizuri na kipi kibaya, hiki ndicho ninachokiangalia kwanza: mtoto anakaaje. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, na kitambaa kiyashike mapaja kuanzia tako mpaka karibu na nyuma ya goti, miguu imepanuka kama ya chura. Wataalamu wa nyonga wanalisisitiza hilo hasa miezi 6 ya mwanzo, kwa sababu wakati huo sehemu kubwa ya kiungo cha nyonga bado ni gegedu laini. Mama mkwe wangu, mtu wa Handeni, hajawahi kusoma maelezo hayo popote. Lakini alipoishika ile keria mara moja tu alisema, "Mwanangu, hapa mtoto hakai, ananing'inia." Amelea saba kwa mbeleko.

Mwanangu alizaliwa Januari, kilo 2.9, joto la Dar likiwa limepamba moto. Wifi yangu anayefanya kazi Muscat alinitumia kitambaa kirefu cha kuvutika, kile cha jezi laini kama fulana, urefu wa mita tano. Unakiweka katikati yake tumboni, unakizungusha mgongoni, kinapanda mabegani, kinashuka tena mbele, halafu mtoto anaingizwa ndani ya ule msalaba kifuani. Wiki ya kwanza nilikifunga huku nalia kwa uchovu, wiki ya pili mikono ilishazoea. Kwa arobaini nzima hakuna kilichonisaidia kuliko hicho. Mtoto analala sikio lake likiwa juu ya moyo wangu, mimi nakunywa uji kwa mikono miwili. Kwa mtoto mchanga, ndani ya nyumba, sijaona kinachokipita kwa ulaini.

Ila ni kitambaa cha alfajiri na jioni. Mtoto anakuwa chini ya tabaka tatu, na wewe mwenyewe ni jiko. Wiki ya tatu alitoka vipele vya joto shingoni na mgongoni, vyekundu, vidogo kama ulezi, nikaacha kabisa kukitumia kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Halafu urefu wake: ukitaka kukifungia kituoni, ncha zote mbili zinafagia chini. Mvua za masika zilipoanza nilikifunga mara moja stendi, nikarudi nyumbani na matope mpaka kiunoni. Na kwa kuwa kinavutika, mtoto akizidi kilo saba anaanza kushuka. Unamfunga kifuani, baada ya nusu saa yuko kitovuni. Mgongoni usikijaribu kabisa, maana mtoto akijinyoosha kwa nguvu kitambaa kinamfuata, hakimzuii.

Kipindi hicho muuguzi wa kliniki alinionyesha jambo ambalo sasa namwonyesha kila mteja mjamzito. Kidevu cha mtoto kisilale kifuani kwake. Pitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua, vikipita uko sawa. Uso wake uuone ukiinamisha macho tu, na utosi wake uwe karibu kiasi kwamba ukishusha kichwa unaubusu. Mtoto mchanga shingo haina nguvu, akijikunja njia ya hewa inabanwa na hatoi hata sauti.

Ndiyo maana mteja mmoja aliponiletea picha ya mbeleko yenye umbo la mkoba, mtoto amelala ndani amejikunja, upindo umetiwa lastiki unafunika mpaka uso, nilimkatalia kazi. Nilimweleza kwamba Machi 2010 mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo juu ya mbeleko za namna hiyo, baada ya kuhesabu vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa na mbeleko katika miaka 20, na 12 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miezi minne. Mteja alikasirika akaondoka. Alirudi baada ya siku tatu, nikamshonea ya pete.

Mbeleko ya pete naipenda, na nimeishona mwenyewe. Ni kipande kimoja cha mita mbili, mwisho mmoja umeshonwa kwenye pete mbili, mwisho wa pili unapita kwenye pete hizo na kujibana wenyewe kama mkanda wa suruali usio na matundu. Nilitumia kikoi cha pamba, kilichofumwa, kizito. Kazi ipo kwenye pete. Za kwanza nilinunua kwenye duka la mapazia, zinang'aa, 1,500 kwa jozi. Nilishona, kisha nikaining'iniza mbeleko kwenye boriti ya kibanda na kuweka ndani ndoo ya lita 20 imejaa maji. Nilirudi kwenye cherehani. Haikupita robo saa nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjika, na ndoo ikawa chini. Pete moja ilikuwa imefunguka pale ilipoungwa, imepinda kama herufi C. Nilikaa chini, sakafu imejaa maji, nikashukuru Mungu kwamba ilikuwa ndoo. Pete za kubebea mtoto zisiwe na kiungo kabisa, ziwe zimetolewa nzima kwenye kalibu. Nilizozipata baadaye ni za aluminiamu nene, wifi alizituma, na zilibeba ndoo ile ile usiku kucha bila kujongea.

Raha yake ni wepesi. Kliniki, kwa mfano, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14: unamtoa mtoto, anavuliwa, anatundikwa kwenye mizani, analia, anachomwa sindano, analia zaidi, na wewe sekunde kumi tu ushamrudisha kwenye nyonga yako, unavuta mkia wa kikoi, kimya. Hakuna kingine kinachofanya hivyo. Lakini uzito wote uko bega moja. Nusu saa naivumilia. Kutoka kituo cha mwendokasi Gerezani kuzunguka maduka ya Mtaa wa Uhuru kutafuta vitenge, saa mbili nzima, nilirudi shingo haigeuki upande wa kushoto. Mkono mmoja pia unabaki unamlinda mtoto, kwa hiyo usidhani utapika au utafua nayo.

Kitenge sasa. Alipotimiza miezi mitano, shingo imekaza na mgongo umeanza kusimama, mama mkwe alisema muda wa mgongoni umefika. Yeye ndiye aliyenifunga mara ya kwanza. Nikainama mpaka mgongo ukawa kama meza, mtoto akalazwa kifudifudi juu yangu, miguu imepanda kiunoni huku na huku. Kitenge kikatupwa juu yake, ukingo wa juu ukapita chini ya kwapa zake, ukaja mbele juu ya matiti yangu, ukasokotwa na kuchomekwa. Ukingo wa chini ndio siri. Unapita chini ya makalio yake, unavutwa juu mpaka nyuma ya magoti, halafu unakuja kufungwa kiunoni kwa fundo. Ukikosea huo wa chini, mtoto anateleza taratibu na utajikuta unatembea umeinama siku nzima. Ukiupata, unasimama wima na husikii uzito, kwa sababu uzito umekaa kwenye nyonga zako.

Niliposhika cherehani naye yuko mgongoni, mtikisiko wa pedali ulimlaza ndani ya dakika tano. Nilishona sare za shule za watoto wa jirani, suruali sita, hajaamka. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini kwetu, mwanamume akija kuoa, kuna fedha ya ubeleko anayopewa mama wa binti, kwa ajili ya ule mgongo.

Ila vitenge si sawa. Vingi vinavyouzwa sasa ni poliesta, vinang'aa, rangi nzuri, na fundo lake halishiki. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikataa usichome uzi mmoja, nenda duka la pili. Khanga pia inabeba, lakini ni nyepesi, na ikiwa mpya ina wanga, inateleza. Ifue mara mbili tatu kwanza. Mimi natumia kitenge cha pamba cha yadi mbili, nilinunua 9,000, na kwa bei hiyo sijui mama yeyote amepata kitu cha thamani zaidi.

Kasoro yake ni kwamba humuoni mtoto. Kibandani nina kioo cha wateja, nageuka namtazama kila mara. Barabarani sina kioo. Na ndani ya basi la mwendokasi saa kumi na mbili jioni, watu wamesongamana, mgongo wangu ndio unaosukumwa, na mtu akishika kitenge ili asianguke, fundo linaweza kufunguka. Siku iliyonitokea hivyo, mama mmoja nyuma yangu alimdaka mtoto kwa mikono miwili na kumshikilia mpaka kituo cha Ubungo. Tangu hapo, kwenye basi mwanangu anakaa mbele.

Na mbele, kwa mtoto wa kilo nane na zaidi, ndipo nilipoirudia beibi keria. Safari hii nilikwenda kwenye mitumba, Karume, nikapekua marundo ya mabegi Jumamosi tatu mfululizo. Niliyoipata ilikuwa 28,000, rangi imepauka kidogo. Kikalio chake, kile kipande cha katikati ya miguu, sentimita 37. Mikanda imeshonwa mraba wenye msalaba, sehemu zote nane, nilizihesabu. Lebo inasema mpaka kilo 20. Klipu nilizikunja na kuzitazama: plastiki iliyokaa juani miaka mingi inatoa weupe kwenye kona ukiikunja, hizi hazikutoa. Nilinusa sponji ya kiunoni kama ina ukungu. Nilipeleka nyumbani, nikaitundika na ndoo ile ile. Kwa umbali mrefu, kwa mabega yote mawili, kwa kusimama kwenye basi, hakuna kinachoishinda. Joto linabaki, jasho kifuani kwenu nyote wawili, weka khanga nyepesi katikati.

Kuna wateja wanaoniambia kitenge ni ushamba na keria ndiyo maendeleo. Hilo linaniumiza. Ann Moore, muuguzi Mmarekani, alikwenda Togo miaka ya 1960 kwa kazi ya kujitolea, akawaona wanawake wa huko wamebeba watoto mgongoni na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata binti, alijaribu kumbeba vile vile kwa kitambaa, mtoto akawa anateleza, basi akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda. Mwaka 1969 kikapata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, kikauzwa kwa jina la Snugli. Keria nyingi za leo zimetoka kwenye ukoo huo. Alikuwa akitafuta kile ambacho mama mkwe wangu anakifanya kwa yadi mbili na fundo moja.

Bodaboda nasema kwa ufupi: hakuna mbeleko wala keria inayomlinda mtoto pikipiki ikianguka. Mimi simpandishi.

Kama una mtoto mchanga na fedha ya kitu kimoja tu, nunua kitenge kizuri cha pamba, umsubiri akaze shingo, na miezi ya mwanzo mpakate. Ukiweza vitu viwili, ongeza keria ya mtumba yenye kikalio kipana, badala ya mpya kama ile niliyoifumua. Keria ina faida nyingine ambayo sikuitegemea: baba yake anaivaa. Kitenge mgongoni aliona haya, lakini keria aliifunga mwenyewe siku ya kwanza, akapanda naye kilima kutoka stendi mpaka nyumbani, mtoto amelala, mkono wa baba umefunika kisogo cha mtoto asipigwe na jua. Yeye ni mpana kuliko mimi, mkanda wa kiuno ulikuwa unamkata. Jana usiku nimemwongezea sentimita 10, mraba na msalaba mara tatu, na ndoo imening'inia mpaka asubuhi, maana Jumanne ni chanjo ya surua ya miezi 18 na yeye ndiye anayempeleka.