Nakshi za chokaa au za mbao?

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina zote mbili: plasta ya chokaa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani, mbao kwenye milango. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, na fundi huichonga ingali mbichi, ndiyo maana mistari yake hutoka myembamba na laini ajabu. Adui yake ni unyevu wenye chumvi. Tena ukiipaka rangi ya plastiki, ukuta haupumui na nakshi hubanduka.

Mbao za mvule na msaji hustahimili jua na mvua. Miimo ya milango ya Zanzibar ya karne ya 19 bado inaonyesha nakshi zake za minyororo waziwazi. Mlango wa nje, basi, ni mbao. Ndani nachagua chokaa, mradi na ukuta upakwe chokaa.