Tathmini: Huduma ya nyumbani ya Hospice Africa Uganda

Hospice Africa Uganda, kituo kinachowatunza nyumbani wagonjwa wenye magonjwa mazito, kilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Makao yake yako Makindye, Kampala, na kina matawi Mbarara na Hoima. Tunachokisifu zaidi ni kuanza na maumivu. Mtu anayeugulia kwa maumivu hana nafasi ya kusikia faraja, hata itolewe kwa upole namna gani.

Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, huchanganywa Uganda kwenyewe kutokana na unga, ndiyo maana bei yake ni nafuu. Mgonjwa huinywa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia huwa maradufu ili asikatishwe usingizi. Sharti iende na dawa ya kulainisha choo. Hiyo ikisahaulika, tumbo hufunga, mgonjwa huikataa mofini, na ndugu huanza kunong'ona kwamba dawa ndiyo inayomuua. Tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini, kwa hiyo anayemsikiliza mgonjwa anaweza kurekebisha dozi palepale.

Ziara nzuri utaitambua kwa muuguzi kuketi, hata mkekani, macho yake sawa na ya mgonjwa, simu haina sauti. Huanza kwa kuuliza: "Mzee, umeambiwa nini kuhusu ugonjwa huu?" Jibu ndilo litakaloonyesha pa kuanzia. Habari nzito isemwe kwa sentensi moja fupi, kisha anyamaze. Hapa ndipo wengi huharibu. Kimya cha nusu dakika huwatisha, wakakijaza kwa "usijali, utapona" au pole za harakaharaka. Pole moja inatosha, ukiwa umeketi, kisha umwache mtu alie.

Ndugu nao wana yao. Binti atamvuta muuguzi uani: "Mama asiambiwe." Asigombezwe, wala asiahidiwe uongo. Aulizwe anaogopa nini, kisha aelezwe kwamba mama hatalazimishwa kusikia asichouliza, ila akiuliza hatadanganywa. Na yeye anayemgeuza na kumwogesha mgonjwa kila siku aulizwe: "Wewe je, umelala?" Swali hili husahaulika mno, na linauma kusahaulika.

Upungufu ni umbali, maana vituo vitatu haviwezi kufikia kila kijiji. Aliye mbali aulize hospitali ya wilaya kama ina muuguzi wa tiba shufaa, na aende na dawa zote anazotumia mgonjwa.